Kipimo cha koo kwenye zahanati moja Mtwara mjini: maabara nyota tano, chumba cha daktari nyota mbili

Nijitetee mapema. Mimi ni fundi wa friji na AC, na zahanati ninayoizungumzia iliniita kuwatengenezea AC baada ya haya nitakayoyasimulia, na wakanilipa. Kwa hiyo atakayesema nimewapendelea ana haki yake, na atakayesema nimewaponda kwa sababu walinilipa kwa mafungu mawili naye ana haki yake. Jina lao silitaji. Ninachotaka kueleza ni kipimo, kile cha kujua kama koo linaumwa kwa bakteria au la, maana hapa mjini wengi hawajui kama kipo, na waliokijua wamekijua kama mimi, kwa kuuguliwa na mtoto.

Ilikuwa Februari, kaskazi iko ukingoni na joto limekaa juu ya bati kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima. Binti yangu Salma, miaka saba, akaamka hataki chai. Salma hakatai chai. Nikamwambia apanue mdomo, nikammulika kwa tochi ya simu: koo jekundu, mwili wa moto, kamasi zinachuruzika, na kikohozi kikavu kinamkatiza kila akitaka kusema. Mama mkwe wangu, mtu wa Newala, alikuwa amekuja kutusalimia. Akachungulia mara moja tu akatoa hukumu: kilimi kimeshuka, apelekwe kwa mzee akakatwe.

Nikamwambia, "Mama, naomba tupite hospitali kwanza, tukirudi tutalizungumza." Mama mkwe haambiwi hapana. Anaambiwa tukirudi.

Mapokezi hawana shida. Kumuona daktari elfu kumi, lipa namba ipo ukutani, risiti unapewa bila kuiomba. Viti ni vya plastiki na viwili vimepasuka pale pale pa kukalia, ukikaa vibaya vinakufinya paja. Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole. Akamsikiliza Salma kifua, akaandika malaria na kipimo cha koo. Nilishangaa kutoona UTI na taifodi, kwa sababu katika utu uzima wangu sijawahi kutoka zahanati bila kimojawapo. Hicho cha koo kilikuwa shilingi 15,000. Mke wangu akanitazama. Nikalipa.

Hapa sasa ndipo pa nyota tano. Dada wa maabara alimkalisha Salma mapajani kwangu, akamwambia aseme "aaa" kama mtu anayeanza kaswida, akaukandamiza ulimi kwa kijiti kipana cha mbao. Akaingiza kijiti kirefu chenye pamba, akafuta findo la kulia, la kushoto, kisha ukuta wa nyuma wa koo. Ulimi hakuugusa, wala shavu. Sekunde tatu hivi. Salma akajikunja kama anataka kutapika, akalia, ikawa imekwisha.

Halafu akafanya kazi yake mbele yangu, bila kunificha. Kwenye kijibomba cha plastiki alidondosha matone manne ya dawa ya rangi ya waridi, kisha matone manne ya nyingine isiyo na rangi. Uwaridi ukapotea pale pale, ikabaki manjano ya mbali. Akatumbukiza ile pamba, akaizungusha kama anayekoroga sukari kwenye kikombe cha kahawa, akaiacha dakika moja kwa saa. Nikamuuliza yale matone yanafanya nini. Akasema zikikutana hizo dawa mbili inazaliwa asidi, na asidi ndiyo inayolibandua ganda la kidudu ili kile kinachotafutwa kitoke nje kionekane. Akaikamua pamba, akadondosha matone matatu kwenye kibao cheupe.

Kibao chenyewe mnakijua. Ni kaka yake kile cha malaria, binamu yake kile cha mimba. Kuna C na kuna T. Mstari wa C lazima uje, usipokuja kipimo kimeharibika, rudia. T ukija, mtoto ana streptokokasi kundi A, yule bakteria anayeleta mafindofindo ya usaha. Unasoma dakika ya tano. Zikipita dakika kumi dada hasomi tena, hata mstari ukichomoza baadaye haukubali. Hilo nililipenda, maana nimeona mahali pengine kibao cha malaria kinasahaulika mezani mpaka mtu amalize simu yake.

Lakini wakati tunasubiri zile dakika tano, ufundi ukaanza kuniwasha. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. AC iko ukutani, mdomo umefungwa, vumbi juu yake unaweza kuandika jina. Kinachofanya kazi ni feni ya mezani, na feni haipoozi chumba, inakupepea tu. Maboksi ya vipimo yalikuwa kwenye rafu iliyotazamana na dirisha la magharibi, saa tisa alasiri. Nikasogea kusoma. Ubavuni mwa boksi kuna kile kialama cha kipimajoto, na kimeandikwa 2 hadi 30. Kwenye begi langu huwa nina kipimajoto cha friji. Nikakitoa, nikakiweka kando ya boksi. Kikatulia kwenye 33.4.

"Dada, haya maboksi yanakaa hapa siku zote?"

"Siku zote, kaka."

"Na hiyo AC imekufa lini?"

"Tangu Novemba. Nimeandika barua mbili." Akasita kidogo, halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Ya mapokezi ndiyo inatengenezwa kila ikikohoa."

Jibu likawa mstari mmoja, wa C. Hasi. Malaria nayo hasi.

Sasa mtu atasema si C imekuja, kipimo kizima. Hapana. C inakwambia maji yametembea mpaka mwisho wa barabara. Haikuhakikishii kwamba zile kingamwili zilizopakwa kwenye mstari wa T, ambazo kazi yake ni kumdaka kidudu akipita, bado zina nguvu baada ya miezi mitatu ya kukaangwa. Ni kama taa ya friji. Mteja ananiambia, fundi, friji langu zima, taa inawaka. Naam, taa inawaka, na samaki wako wameoza.

Nikarudi kwa daktari na karatasi yangu. Akaisoma, akasema "hasi", na mkono ule ule ukaandika azuma ya maji, dawa ya kuua bakteria.

"Dokta, si kimesema hana?"

"Baba Salma, hivi vipimo vya haraka havina uhakika sana. Tumpe tu tuwe salama."

"Kama havina uhakika, ile elfu kumi na tano nimelipia nini?"

Akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyekamatwa. Lakini dawa hakuifuta. Nikainunua dirishani, 12,000, kwa sababu mke wangu alikuwa amesimama pale na mtoto ana homa, na si mahali pa kubishana.

Hili ndilo lililonifanya nikate nyota. Ukikosa imani na kipimo, usiniuzie. Ukiniuzia, kifuate. Na kama sababu ya kutokukiamini ni kwamba chumba kina joto la kuatamia mayai, basi tengeneza chumba. Kinachofanyika sasa ni mgonjwa kulipa mara mbili: analipia jibu, kisha analipia dawa ambayo jibu limesema haina kazi. Halafu redioni tunaambiwa kila wiki habari za UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kana kwamba usugu unaletwa na majahazi kutoka Msumbiji.

Usiku nikampigia shemeji yangu, muuguzi kule Lindi. Swali lake la kwanza halikuwa la kipimo. Akauliza, "Ana mafua? Anakohoa?" Nikamwambia vyote. Akasema basi hata kupimwa hakukuwa na haja kubwa. Mafua, kikohozi na sauti kukauka ni dalili za virusi, na virusi hawasikii azuma. Anayestahili kile kijiti cha pamba ni mtoto wa umri wa shule mwenye homa, findo zimevimba au zina utando mweupe, tezi za shingoni zinauma ukizibonyeza, na hakohoi. Kwa watoto wanaougua koo, streptokokasi anakutwa kwa wawili au watatu katika kila kumi. Waliobaki ni virusi, wanapona wenyewe.

Nikamuuliza kuhusu uhakika. Akanipa hesabu ambayo naikumbuka kwa sababu aliirudia: kikitunzwa vizuri, kati ya watoto 100 wenye kidudu hicho, kipimo kinawakamata kama 85. Wasio nacho 100, kinawasingizia kama watano tu. Kwa hiyo kikisema ndiyo, mwamini. Kikisema hapana na mtoto dalili zake zote ni za usaha, sampuli ya koo ioteshwe maabara kubwa, jibu linakuja baada ya siku moja au mbili. Na kuna watu wanaomfuga yule kidudu kooni bila kuumwa, ndiyo maana hupimi kila mwenye mafua, utawakuta wenye mistari miwili ambao ugonjwa wao ni mwingine kabisa.

Hofu yangu akaijua kabla sijaisema. Mdogo wangu, tulipokuwa Tandahimba, aliumwa koo mara nyingi shule ya msingi, akawa anasukutua maji ya chumvi na kurudi kucheza. Siku moja goti likavimba, likapoa, kikavimba kifundo cha mguu wa pili, kama ugonjwa unaohama nyumba. Tukasema ni baridi. Ana miaka 19 akashindwa kubeba nusu gunia la korosho, anahema kama aliyekimbizwa. Mpaka afike Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, valvu zilikuwa zimeshakakamaa. Homa ya rumatiki. Huanza wiki mbili tatu baada ya koo: mwili unamshambulia kidudu halafu unaugeukia moyo wake wenyewe. Mpaka leo mdogo wangu anachomwa benzathini, penisilini ya sindano, kila wiki nne, na mjini anaitwa mzee kabla ya uzee.

Shemeji akaniambia, hata ukianza dawa siku ya tisa tangu koo liume, bado unaukinga moyo. Kwa hiyo siku mbili za kusubiri hazimuui mtu, mradi mtoto anameza mate, anapumua vizuri na anakunywa maji. Akianza kudondosha mate au kuhema, usinipigie, kimbia hospitali. Tukampa panado na maji ya chumvi ya kusukutua. Siku ya pili homa ikakata. Siku ya nne akadai chai. Ile chupa ya azuma iko juu ya friji mpaka leo, unga haujatiwa maji. Mama mkwe alirudi Newala akisema kilimi kimepanda chenyewe, nami sikumbishia.

Mwezi uliofuata wakaniita. Gesi ilikuwa imevujia kwenye nati ya bomba la shaba nje, kazi ya asubuhi moja. Nikaiweka nyuzi 25, nikafunga na kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo, nikamwambia mwenye zahanati mbele ya dada wa maabara kwamba hiki chumba ndicho cha kwanza kupozwa, mapokezi watu wana vitenge vya kujipepea. Maboksi yaliyokuwa dirishani dada aliyatoa, matatu, yakaenda kuteketezwa. Nilimwona akiyahesabu kwa uchungu, na yeye siye aliyeyapika.

Juni nikarudi kama mteja. Salma tena. Safari hii hana kamasi, hana kikohozi, homa imempanda usiku, kumeza mate anakunja uso, na kwenye findo nikaona kwa tochi madoa meupe kama punje za mchele. Pamba, matone, dakika moja, kibao. Mstari wa T haukungoja hata dakika mbili. Chumba kilikuwa 25, nimetazama.

Na daktari alikuwa mwingine, mama mmoja mtu mzima wa zamu za asubuhi. Kabla yetu alikuwa na baba mwenye mtoto wa kiume, jibu lake hasi, na mlango haukufungwa vizuri kwa hiyo tulisikia wote.

"Kipimo kimekataa, baba. Dawa siandiki."

"Lakini daktari, nimetoka Msijute kwa nauli."

"Nauli pole. Dawa siandiki. Akizidi, nirudishie, sitakutoza kuniona."

Kwetu aliandika amoksilini ya maji, siku kumi. Dawa ya zamani, elfu nne tu, wala haikuwa azuma. Nikamuuliza mbona hii, wengi wanasema imechoka. Akasema kidudu hiki hakijawahi kujifunza kuishinda penisilini na jamaa zake, hiki ni miongoni mwa wachache wenye adabu, ila ile azuma ameshaanza kuizoea. Akasisitiza siku kumi ni kumi. Siku ya tatu mtoto atakuwa anaruka kamba, na nyie mtaisahau chupa. Kweli, siku ya tatu Salma alikuwa barazani anacheza rede. Nikachora vijiti kumi kwa kalamu ya mafundi kwenye mlango wa friji, nikawa nafuta kimoja kila usiku. Shule alirudi baada ya kumaliza siku nzima ya kwanza ya dawa, kabla ya hapo angewaambukiza wenzake.

Kwa hiyo ukienda, nenda asubuhi. Sijui kama yule kijana wa jioni amebadilika, nikienda jioni nitawaambia.

Kuna jambo moja jingine la kuwasifu. Agosti niliumwa mimi. Nilikuwa Nanyamba natengeneza friza za mteja, msimu wa kupulizia mikorosho, salfa imetanda alfajiri kama ukungu, nikarudi na kikohozi ambacho hakikuondoka wiki tatu. Nikaenda pale kujinunulia kipimo, maana nilishajiona mjuzi. Wana kingine cha kuchoma kidole, cha CRP, kinachopima protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi makali. Hakitaji jina la kidudu. Kinamsaidia daktari tu: ikiwa chini ya 20, dawa ya bakteria mara nyingi haihitajiki, ikipita 100 mambo ni mazito. Dada angeweza kunichoma, akala hela yangu. Akaniambia, "Kaka, kikohozi cha wiki tatu usinunue kitu hapa. Nenda kituo cha serikali, utoe makohozi, wanapima TB bure." Nikaenda. Ile mashine ya GeneXpert inatoa jibu chini ya saa mbili ikishapakiwa, mimi nilipewa langu kesho yake kwa sababu ya foleni. Hasi. Kikohozi kiliisha salfa ilipoisha.

Malalamiko madogo: choo ufunguo uko kwa mlinzi na mlinzi hayupo. Pikipiki zinaegeshwa mlangoni, ukija na mgonjwa wa kubebwa utapata tabu. Jibu la maabara wanaliandika kwa mkono, na mwandiko wa "hasi" na "chanya" wa dada mmoja wa zamu nyingine unahitaji mkalimani. Bei ya koo imepanda, sasa ni 18,000.

Wiki iliyopita nilipita kusafisha chujio la AC. Chini ya kile kipimajoto wamening'iniza daftari la shule kwa uzi, dada anaandika joto asubuhi na jioni. Nikalipekua. Jumatatu hadi Jumamosi limejaa, 25, 25, 26, 25. Jumapili zote nne ziko tupu, na swichi ya AC imebandikwa plasta imeandikwa: zima kila Jumamosi jioni, umeme ghali.